Meza ya Mama Sijui Haitoki

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika hospitali yetu, mkunga mkuu wa kliniki ya wajawazito anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Mhariri wa jarida la watumishi ameniomba niandike wasifu wake, akanisisitizia mambo mawili: uwe mfupi, na uchangamke. Ufupi nitajitahidi. Kuhusu kuchangamka naomba anivumilie, maana naandika nikiwa na hasira, na hasira yenyewe inamhusu huyu huyu tunayemuaga.

Mimi ni mfamasia. Dirisha langu la dawa linatazamana na mlango wa kliniki yake, na kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja nimemwona akifungua mlango ule asubuhi, akifuta vumbi kwenye mizani, akisogeza benchi ili wenye matumbo makubwa wapate pa kuegemea ukuta. Kwenye kumbukumbu za utumishi ana jina lake refu na vyeti vyake. Lakini nenda kwenye foleni ya kliniki umuulizie kwa jina hilo, utaambiwa hayupo. Ulizia Mama Sijui, benchi zima litakunyooshea kidole.

Jina hilo alipewa na wagonjwa wenyewe katika miezi yake ya mwanzo kliniki. Mama mmoja muuza mitumba, mimba yake ya nne, alimtolea gome la mti kutoka kwenye pindo la kanga, akamuuliza kama kweli linaleta usingizi. Benchi lote likatega masikio, wakingoja mahubiri. Mkunga akalinusa lile gome, akaligeuza, akasema, "Sijui, mama. Niachie kidogo nikaulize, na wewe usilinywe mpaka nikujibu." Wakacheka. Mtu aliyevaa sare nyeupe, mwenye saa kifuani, kusema hajui? Walikwenda kuhadithiana mtaa mzima, na wiki iliyofuata foleni ilifika getini.

Alianzia wodi ya wazazi, akahamia kliniki, akaenda kusomea ukunga zaidi, akarudi kliniki hiyo hiyo. Mara mbili walitaka kumpandisha ofisini, na mara zote alikataa. Alisema matumbo ya ofisini ameyaona, hayana mtoto ndani. Katika muda wote huo hospitali imempa cheti kimoja tu cha pongezi, nacho ni cha usafi wa madirisha. Nakirudia kwa makusudi, ili waliokitia saini wakisome tena: usafi wa madirisha.

Sasa nije kwenye meza, kwa sababu bila meza hakuna wasifu.

Ni meza ya mbao ya kawaida, fupi kidogo, iliyotupwa stoo zamani wakati mashine za taipu zilipoondolewa masjala. Mguu mmoja umetiwa boksi lililokunjwa ili isicheze. Mama Sijui aliiokota, akaiosha, akaiweka kati ya mizani na dirisha, akaitandika kitambaa. Kisha akatunga sheria moja ya kliniki yake: kila mjamzito aje na kadi yake, na aje na anachokunywa.

Mtu wa nje hataelewa uzito wa sheria hiyo. Fomu yetu ya mapokezi ina swali linalosema, "Je, unatumia dawa za kienyeji?" Pana visanduku viwili, ndiyo na hapana. Tangu niajiriwe sijaona kisanduku cha ndiyo kikiwekwa alama. Ukiisoma fomu utadhani mji huu hauna hata mti mmoja. Mama Sijui hakuwahi kuuliza swali hilo. Yeye alimkalisha mwanamke, akamfunga mkono kile kitambaa cha kupimia presha, akaanza kumpigisha soga. Mgongo vipi? Kiungulia? Choo unapata, au kimekuwa kigumu? Halafu, akiwa anatazama mshale wa kipimo na si uso wa mtu, anauliza, "Na ukikosa usingizi, unakunywa nini?"

Basi. Hapo ndipo mikoba inafunguka. Hutoka tangawizi iliyopondwa, hutoka mchaichai, hutoka chupa ya maji ya mizizi rangi ya kutu, mafuta ya nyonyo, majani ya sanamaki, unga mweupe ambao shangazi kaapa unatuliza mtoto anayepiga mateke. Kila kimoja kinatua mezani, na kila kimoja kina mtu nyuma yake: mama mkwe, bibi, jirani, muuzaji wa sokoni. Mama Sijui alikuwa na majibu matatu tu. Hiki endelea nacho, kikombe kidogo, usizidishe. Hiki acha leo hii, na nitakwambia kwa nini. Hiki sijui, basi tukiache mpaka tujue. Vile vya "sijui" vilivuka korido, vikiwa vimefungwa kwenye kipande cha karatasi, vikaja dirishani kwangu. Mimi nikifungua vitabu, nikimpigia simu mwalimu wangu wa zamani, na mara nyingi nilimrudishia jibu lile lile alilonipa yeye. Wote wawili hatujui. Akirudi kwa mama yule anamwambia, "Tumeuliza, hata wakubwa hawajui, kwa hiyo usimjaribishie mtoto." Na wanawake walimsikia, kwa sababu hakuwahi kuwadanganya.

Nisieleweke vibaya. Mimi si shabiki wa chupa zisizo na lebo. Zipo dawa za miti zinazovuruga tumbo hadi kizazi nacho kikaanza kukaza, zipo zinazopambana na vidonge tunavyotoa, na neno "asili" limeshauza sumu nyingi. Lakini mwanamke mwenye mimba ya miezi saba, aliyekaa siku kadhaa bila kupata choo, tumbo limejaa gesi, kifua kinawaka, halali chali, halali ubavu, huyo atakunywa kitu. Ungekuwa wewe ungekunywa. Kilichobaki ni kama atatuambia au hatatuambia. Mama Sijui alilijua hilo, na alilifanyia kazi kila siku bila kumfokea hata mtu mmoja. Mimi ningefoka. Nimeumbwa hivyo.

Mhariri alitaka kichekesho. Kipo, na ndicho kilichotuletea balaa.

Kulikuwa na kikao cha bodi cha siku mbili, ukumbi wa juu. Mama wa chai, ambaye tunampenda sote na ambaye hajawahi kuliacha birika likapoa, aliishiwa majani alasiri ya siku ya kwanza. Akashuka kliniki kuomba. Mama Sijui alikuwa chumba cha ndani anasikiliza mapigo ya mtoto, kwa hiyo mama wa chai akajihudumia. Aliona mezani kifurushi cha majani makavu mazuri, kando yake tangawizi, akafikiri kliniki wamejipatia chai ya kisasa. Alichemsha kifurushi chote, akatia sukari ya kutosha. Bodi ilisifia. Mwenyekiti aliomba kikombe cha pili, katibu wa hospitali akanywa cha tatu.

Ilikuwa sanamaki, majani ya kufungulia choo. Sanamaki haina papara. Iliwaacha wakafunga kikao, wakaenda majumbani, wakalala. Asubuhi ya pili, ajenda ya ukarabati wa vyoo ilipofika, mwenyekiti alikuwa amekwisha kutoka mara kadhaa, mweka hazina alikuwa hajarudi, na katibu alikuwa ameng'ang'ania kiti, jasho likimtiririka, akijibu kila hoja kwa neno "imepita". Vyoo vilipitishwa bila mjadala. Nawaambia watumishi wapya wanaoshangaa kwa nini ghorofa ya juu ina vyoo vizuri kuliko wodi: historia yake ndiyo hiyo.

Tulicheka mpaka machozi. Mama wa chai aliomba radhi huku akificha mdomo kwa aproni. Mama Sijui naye alipanda ghorofani akiwa na maji yenye chumvi na sukari, akawauguza wakubwa mmoja mmoja bila tabasamu, jambo ambalo mimi nisingeliweza hata kwa kulipwa.

Na shukrani yao? Kabla wiki haijaisha, meza ilipigwa marufuku. Haikuwa meza ya chai iliyopigwa marufuku, ingawa kosa lilitokea jikoni. Ilikuwa meza ya wajawazito. Likaja bango, limechapishwa kwa rangi, kinu na mchi vimekatwa msalaba mwekundu: MAMA MJAMZITO, DAWA ZA KIENYEJI NI MARUFUKU. ATAKAYEBAINIKA ATACHUKULIWA HATUA. Hatua gani? Nilimuuliza katibu hivyo hivyo, uso kwa uso. Mtamfukuza na mimba yake? Mtamnyang'anya mtoto? Alinijibu kuwa bango ni la kuelimisha. Kuelimisha gani huko kwa vitisho? Watu wazima waliaibika kwa kukimbilia choo, wakaenda kujilipizia kwa wanawake ambao hata kwenye kikao hawakuwapo.

Meza ilirudishwa stoo. Benchi la kliniki likanyamaza. Mama Sijui aliendelea kuuliza swali lake, ila sasa lile bango lilikuwa limebandikwa juu ya mizani, na kila aliyeulizwa alilitupia jicho kwanza, kisha akajibu, "Maji tu." Mji mzima ukawa unakunywa maji tu. Ripoti ya robo mwaka ikaandika kwa fahari kwamba matumizi ya dawa za kienyeji yamekwisha. Nilipoisoma nilitamani kuichana.

Hapa nifike kwenye jambo ambalo mhariri hakuliomba, na ambalo mwanangu ameniruhusu niliseme.

Binti yangu, kifungua mimba wangu, anafundisha watoto wa chekechea. Wakati wa bango alikuwa na mimba yake ya kwanza. Alikuwa hapati choo, kiungulia kinamtafuna, usingizi umemhama. Nyumbani nilimuuliza kama anakunywa chochote zaidi ya vidonge vya kliniki. Nafikiri nilimuuliza kwa sauti ile ya bango. Akasema, "Maji tu, baba." Kumbe mama mkwe wake, mwanamke mwenye roho safi kabisa, alikuwa anamchemshia maji ya shubiri ya kulainisha choo. Yalimsaidia yeye enzi zake, au alidhani yalimsaidia, na alimwonea huruma mkwewe kumwona anajigeuza kitandani usiku kucha.

Mchana mmoja aliletwa kwa teksi, amejikunja, tumbo linakaza na kuachia kama mtu aliyefikia siku zake, na siku zake zilikuwa bado mbali. Nilitoka dirishani kwangu nikiwa nimeshika boksi la vidonge, nikaingia nalo wodini. Daktari wa zamu alimuuliza amekula nini, amekunywa nini. Hakuna. Akamuuliza tena. Hakuna. Bango la pili, nakala ya lile la kliniki, lilikuwa pale pale wodini, juu ya kichwa cha kitanda. Nilimwona mwanangu akilitazama bango, kisha akanitazama mimi, kisha akafumba macho. Nimefanya kazi ya dawa maisha yangu yote na sijawahi kuogopa vile.

Mama Sijui aliingia, akasimama kwa namna ambayo mgongo wake ulilifunika bango. Akanigeukia mimi kwanza. "Baba, hebu katuletee maji ya kunywa," akasema. Kiti cha pembeni kilikuwa na jagi limejaa. Nilielewa, nikatoka. Korido nilimkuta mama mkwe ameshikilia mkoba kifuani kwa mikono miwili, analia bila sauti. Nikasikia kupitia mlango uliorudishiwa nusu, "Na ukikosa usingizi, mwanangu, unakunywa nini?"

Mwanangu akaanza kusema. Alisema vyote, kiasi gani, tangu lini, na mwisho akasema, "Msimwambie baba." Mama mkwe naye aliposikia, alifungua mkoba, akaitoa chupa, akanikabidhi mimi pale koridoni kama mtu anayesalimisha silaha. Daktari alipojua anapambana na nini, alijua la kufanya. Chupa ikaachwa, dripu ikawekwa, tumbo likatulia kabla ya zamu ya mchana kuisha. Mjukuu wangu alizaliwa kwa wakati wake, na sasa anavunja vikombe nyumbani kwangu. Lakini nauliza, na nitaendelea kuuliza: wale ambao hawakusimamiwa na mtu wa kulifunika bango kwa mgongo wake, tumbo lao lilitulizwa na nani?

Siku iliyofuata nilipanda kwa katibu, nikagombana naye mpaka wa masjala wakafungua mlango kuchungulia. Mama Sijui hakupanda kokote. Alikwenda stoo, akaivuta meza mwenyewe korido nzima, miguu ikikwaruza sakafu mbele ya kila mtu, akairudisha mahali pake. Aliyabandua mabango yote mawili, akayageuza upande mweupe, akayatandika juu ya meza ili mizizi isichafue kitambaa. Hakuandikiwa kibali, wala hakuomba. Na hakuna aliyethubutu kumgusa.

Mpaka sasa.

Maana ndugu zangu, kamati ya maandalizi ya sherehe imetutangazia zawadi ya mstaafu, na zawadi yenyewe ni meza. Ndiyo, meza ile ile. Itapigwa msasa, itapakwa vanishi, itawekwa kibao cha shaba chenye maneno matamu, na mstaafu ataipeleka nyumbani kwa gari la hospitali. Mahali pake patawekwa mashine ya kutoa namba za foleni. Katibu alipotangaza alisema ni kumuenzi. Huko ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Walishindwa kuiondoa yeye akiwapo, sasa wanataka aibebe mwenyewe, tena huku anapigiwa makofi.

Mama Sijui alipoletewa habari alikuwa anakunja vitambaa. Aliuliza jambo moja tu: "Nikaifanyie nini nyumbani? Mimi sina mimba."

Mhariri akikata aya hii, nitaibandika ukutani mwenyewe. Vibarua waliotumwa juzi kuichukua meza kwa ajili ya vanishi wamerudi mikono mitupu. Fundi seremala wa hospitali, ambaye watoto wake watano wote walipimwa kwenye kliniki ile, aliwahi kabla yao. Ameifunga meza sakafuni kwa parafujo, miguu yote minne, na lile boksi lililokunjwa ameliondoa, kaweka kipande cha mbao kizuri. Alipoulizwa na katibu alieleza kwamba meza imeota mizizi. Wauguzi wa kliniki wameapa kuendelea kuuliza swali lile lile, kwa maneno yale yale, macho kwenye mshale wa kipimo. Wa dirisha la dawa tutaendelea kupokea vifurushi. Mashine ya namba itafutiwe pahali pengine. Ghorofa ya juu nasikia vyoo vyake vina foleni.

Zawadi tumeinunua wenyewe, kwa michango ya watumishi, na mama wa chai ndiye aliyeichagua. Ni kiti cha kuegemea, chenye mikono mipana na mto wa mgongo, kwa sababu katika miaka yote hiyo hatujawahi kumwona ameketi kabla ya benchi kuisha. Kiti utaondoka nacho, Mama Sijui. Meza inabaki.

Na kabla sijamaliza, nina habari yako moja, kwa sababu siku ile ulikuwa kwenye semina ya wastaafu. Binti yangu ni mjamzito tena. Alikuja kliniki wiki jana, nikamwona kutoka dirishani, nikavuka korido kumsalimia. Muuguzi alimfunga kile kitambaa cha presha, akamuuliza lile swali lako. Mwanangu alinitazama, nami sikutoka kwenda kuchota maji. Akafungua mkoba, akaweka chupa mezani, mbele yangu, akaniuliza kama inafaa. Niliinusa, nikaitikisa, nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

Nikamwambia, "Sijui, mwanangu. Niachie kidogo nikaulize."

Ahsante kwa neno hilo, na kwa kila mama aliyerudi kwake salama kwa sababu yake. Nenda kapumzike. Tunakuombea tumbo tulivu, usingizi wa kutosha bila kunywa chochote, na asubuhi ambazo hakuna benchi linalokungoja.